Baada ya Mpira Kutolewa

BILA HAYA
Na Abdala Mwinyikondo

Mwanaume akirudi nyumbani baada ya kuondolewa tezi dume kwa sababu ya saratani, wageni humuuliza habari za kidonda. Hakuna anayemuuliza habari za suruali. Naye hasemi. Wiki zinapita, bao linachezwa bila yeye, Ijumaa anasali nyumbani, na mtaani wanasema operesheni imemmaliza. Haikummaliza. Mkojo unamtoka akicheka, akikohoa, akiinuka kitini, na hakuna aliyemwambia kwamba hilo lingetokea.

Hapo ndipo ugomvi wangu na hospitali zetu ulipo. Tezi dume imekaa chini ya kibofu na kuuzunguka mrija wa mkojo. Ikiondolewa yote, sehemu ya misuli inayozuia mkojo huondoka nayo, na mzigo wote unaangukia misuli iliyobaki chini ya nyonga, ambayo mwanaume anaweza kufika miaka 65 bila kujua kama anayo. Mpira wa mkojo ukitolewa, kwa kawaida baada ya wiki moja au mbili, wengi huvuja. Kisha wengi hukauka polepole katika miezi inayofuata, na wapo wanaofikisha mwaka. Kuyasema haya ni kazi ya dakika mbili. Kwa nini basi mtu atoke wodini na karatasi ya dawa na tarehe ya kurudi tu?

Na mazoezi yapo. Daktari Mmarekani, Arnold Kegel, aliyaandika mwaka 1948 akiwalenga wanawake, na labda ndiyo maana baadhi ya wanaume wanayaona ya kike. Shauri yao. Kaza misuli ile ile ambayo ungeikaza ili upepo usikuponyoke mbele ya mkweo. Usibane makalio, usizuie pumzi. Hesabu hadi tano, legeza kabisa, rudia mara kumi. Fanya hivyo asubuhi, mchana na jioni. Ukishazoea, kaza kabla ya kukohoa na kabla ya kusimama. Nafuu huja kwa wiki na miezi, kwa hiyo anayeacha siku ya nne asilaumu mazoezi. Ni vizuri kujifunza kabla ya kupasuliwa, tena kwa mtaalamu wa fiziotherapia, maana asiyeelekezwa hujikuta anasukuma badala ya kukaza, na kusukuma kunaongeza tatizo.

Wengine hujitibu kwa kuacha kunywa maji. Wanajiumiza. Mkojo mzito hukichokoza kibofu, na choo kikiwa kigumu hukigandamiza. Cha kupunguza ni chai na kahawa, hasa jioni. Najua kumwambia mtu wa pwani aache kahawa ya kijiweni ni kumwongezea ugonjwa mwingine.

Msikitini nako wanaume wanajifungia nje bila sababu. Fiqhi ya Kishafi tuliyoizoea pwani inamtambua mwenye udhuru huu: wakati wa sala ukiingia anajisafisha, anajifunga vizuri, anatia udhu na kusali, na kinachomtoka hapo hakimharibii sala. Kila faradhi na udhu wake. Masheikh wanalifundisha hili kwenye darasa za tohara. Walilete na kwenye mimbari, maana wanaolihitaji wameshaacha kuja darasani. Angalau watoto wao watalisikia na kulipeleka nyumbani.

Basi la mkoani ni mtihani zaidi, kwa sababu saa ya kuchimba dawa anaiamua dereva. Ushauri wangu ni kukata tiketi ya kiti cha mbele na kumnong'oneza konda kabla gari halijaondoka. Konda aliyeambiwa stendi ana subira kuliko anayepigiwa kelele katikati ya pori. Nepi za watu wazima zinasaidia, ila bei yake si ya kila siku kwa mtu wa pensheni. Vitambaa vya pamba vilivyokunjwa vizuri, vikafuliwa na kuanikwa juani, vimewasitiri wengi.

Ukiona damu, homa, maumivu makali au mkojo ukagoma kabisa kutoka, rudi hospitali siku hiyo hiyo. Na kama mwaka umepita hali ikiwa ile ile, mwone daktari wa njia ya mkojo. Zipo tiba nyingine, hata za upasuaji.

Nabaki na mke, ambaye mume anadhani amemficha. Nani anafua mashuka? Amejua tangu usiku wa kwanza, naye ananyamaza kwa kumwonea mumewe haya. Daktari anapomweleza mgonjwa habari za mpira, amwite ndani na huyo mama aliyekaa kwenye benchi na kikapu cha chakula, kama mume ameridhia. Ana maswali yake, na baadhi ya majibu atayashughulikia yeye.