MAMBO YA MITAMBO: Beringi za Sindano katika Injini Ndogo

Wako watu wanaodhani kwamba injini ya ndege ya mfano ni mchezo wa watoto tu. Lakini zile zinazotumia petroli kwa kawaida ni za mipigo miwili, na nyingi zilitokana na injini za misumeno ya kukatia miti na za mashine za kufyekea majani. Basi ajuaye kuifungua moja hatapotea katika nyingine. Leo nataka kueleza habari za beringi zake za sindano, maana mafundi wenye haraka huziharibu sana.

Beringi hiyo haina gololi. Ndani yake mna vijiti vyembamba vya chuma kigumu, ambavyo urefu wao ni mara tatu ya unene wao au zaidi. Zamani vijiti vilipangwa bila kitu cha kuvitenga, vikasuguana. Mwaka 1949 Georg Schaeffler wa Ujerumani alibuni kizimba cha kushika kila kijiti mahali pake.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha kwamba beringi imekwisha kweli. Zuia krenki isizunguke, kisha uivute na kuisukuma konrodi kufuata urefu wake. Ikigonga, hata kidogo, imekwisha. Lakini ikicheza kushoto na kulia usishtuke. Nafasi hiyo iliachwa makusudi.

Beringi ya juu, inayobeba pini ya pistoni, hutoka kwa mkono mara pini ikiondolewa. Vijiti vyake huviringika juu ya pini yenyewe. Kwa hiyo pitisha ukucha juu ya pini, na ukisikia mifereji, nunua pini mpya pia, ama sivyo umetupa fedha zako. Dukani utaulizwa vipimo. 10 x 14 x 13 maana yake ni pini ya milimita 10, tundu la konrodi la milimita 14, na upana wa milimita 13.

Ya chini ni habari nyingine. Mara nyingi krenki imeundwa kwa vipande vilivyoshindiliwa pamoja, na kuvirudisha katika mstari mmoja kwataka mashine maalumu. Kwa maoni yangu mwenye injini asijaribu. Anunue krenki nzima, ingawa bei yauma.

Tena kuna zile zenye gamba jembamba la chuma, zilizokazwa katika kasha la aluminiamu. Hapa ndipo nyundo inapoleta hasara. Aluminiamu hupanuka kwa joto karibu mara mbili kuliko chuma. Basi ondoa mipira ya kuzuia mafuta, osha kasha, uliache likauke kabisa lisibaki na petroli hata tone, ndipo ulitie katika joko lenye joto la kiasi cha nyuzi 120 za sentigredi. Beringi kuukuu itasukumika kwa kipande cha mti kilichochongwa kwa kipimo chake. Mpya ikae kwanza katika friji, kisha isukumwe kwa jiliwa, polepole na bila kwenda upande, ukikandamiza upande wenye maandishi, maana ndio ulio imara zaidi. Gamba likipinda halinyooshwi.

Kabla ya kufunga, tia matone machache ya oili ile ile ya kuchanganya na petroli, uzungushe krenki kwa mkono. Isipokwaruza, weka mipira mipya.