Uliza ya mwaka wa tano, si bei ya operesheni
Safu ya Jumapili, na Zuhura Kimweri

Akipungua mtu anayejulikana mjini, habari hufika saluni kabla yeye mwenyewe hajafika. "Huyo kaenda India, kakatwa utumbo." Anayesema hivyo ametoa hukumu mbili kwa pumzi moja: kwamba mwenzetu ana hela, na kwamba ameshindwa kuuzuia mdomo wake kama sisi tunavyouzuia. Sisi ambao tumeshindwa vilevile, ila nauli ndiyo hatuna.

Upande wa pili wako wanaoiuza operesheni hiyo kwa picha mbili, kabla na baada, na namba ya WhatsApp chini yake. Hawa na wale wa saluni wanapingana, lakini kosa lao ni moja. Wote wanadhani shughuli inaishia kwenye kitanda cha upasuaji.

Tuangalie kwanza kinachofanyika humo ndani. Katika gastriki baipasi ya kawaida, daktari huingiza vifaa kwa matundu madogo ya tumboni, akaukata mfuko wa chakula na kuacha kijifuko cha juu chenye ujazo wa mililita 30 hivi, pungufu ya kikombe cha kahawa ya barazani. Sehemu kubwa inayobaki haitolewi. Inakaa palepale ikiendelea kutoa majimaji yake, ila chakula hakipiti tena kwake. Kisha utumbo mwembamba nao hukatwa, ncha ya chini ikavutwa juu na kushonwa kwenye kile kijifuko. Ncha nyingine, inayoleta nyongo na majimaji ya kongosho, huunganishwa na utumbo huo kiasi cha mita moja mbele. Chakula na nyongo, ambavyo zamani vilikutana mara tu chakula kinapotoka tumboni, sasa vinakutana huko mbali.

Mwanzo wake haukuwa unene. Edward Mason, daktari wa upasuaji katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, alitambua kwamba wagonjwa waliokatwa sehemu ya mfuko wa chakula kwa ajili ya vidonda vya tumbo walikonda na hawakunenepa tena kwa urahisi. Mwaka 1966, akiwa na mwenzake Chikashi Ito, akaanza kuwatibu watu wanene kwa njia hiyo. Ushonaji wa utumbo unaotumika leo ni wa César Roux, Mswisi wa Lausanne aliyefariki mwaka 1934 na ambaye hakuubuni kwa ajili ya kumpunguza mtu uzito. Mwaka 1993 madaktari wa San Diego wakaanza kuifanya kwa matundu madogo badala ya kumpasua mtu tumbo zima, na hapo ndipo woga wa wagonjwa ulipopungua.

Kwa muda mrefu madaktari wenyewe waliamini maelezo mepesi: kijifuko ni kidogo, mtu anakula kidogo, utumbo umefupishwa, chakula kinanyonywa kidogo. Kuna ukweli humo, lakini hautoshi. Mtu unayemnyima chakula kwa nguvu huwa na njaa kali, huota chapati usiku. Aliyefanyiwa baipasi mara nyingi husema njaa yenyewe imepoa. Sababu ni kwamba chakula kinafika upesi sehemu za chini za utumbo, na huko utumbo humwaga homoni zinazouarifu ubongo kwamba umeshiba. Mojawapo inaitwa GLP-1. Ndiyo homoni inayoigwa na zile sindano za kupunguza uzito zinazovuma sasa, Ozempic na wenzake. Wanaochoma sindano wanaingiza mfano wake kutoka nje. Aliyefanyiwa baipasi mwili wake unaitoa kwa wingi kila anapokula.

Ushahidi mzito zaidi umetoka kwa wagonjwa wa kisukari. Sukari yao ilianza kushuka siku chache baada ya operesheni, kabla kilo hazijapungua za kutajwa. Walter Pories na wenzake wa North Carolina waliandika habari hizo mwaka 1995, na wengi hawakuwaamini. Mwaka 2012 timu ya Philip Schauer wa Cleveland Clinic ilichapisha matokeo ya jaribio la wagonjwa 150. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 42 ya waliofanyiwa baipasi walikuwa wamefikia kiwango cha sukari kilicholengwa, dhidi ya asilimia 12 ya waliotibiwa kwa dawa peke yake. Kwa hiyo anayeniambia kwamba unene ni suala la kukosa nidhamu tu anieleze nidhamu gani hiyo inayoletwa na uzi wa kushonea utumbo ndani ya wiki moja.

Lakini hesabu za Schauer ziliendelea. Baada ya miaka mitano, ile asilimia 42 ilikuwa imeshuka hadi 29. Bado iliwaacha mbali watu wa dawa, waliobaki na asilimia 5, ila ilishuka. Sweden nako, ambako utafiti mkubwa uliwafuatilia watu wapatao 4,000 kuanzia mwaka 1987, waliofanyiwa baipasi walipungua asilimia 32 ya uzito wao katika mwaka wa kwanza na wa pili. Kufikia mwaka wa kumi upungufu ulikuwa asilimia 25. Mtu wa kilo 120, kwa wastani huo, hushuka hadi kama 82, kisha taratibu akarudi hadi 90. Ni mafanikio makubwa. Ila tuwe wakweli, si zile picha mbili.

Na si operesheni ya bibi harusi anayetaka kuingia kwenye gauni. Vigezo vilivyotumika tangu mwaka 1991 vilitaka uwiano wa uzito na urefu, yaani BMI, wa 40, au 35 kwa mwenye ugonjwa unaoletwa na unene. Mwanamke wa sentimita 160 hufika 40 akiwa na kilo 102 hivi. Mwaka 2022 vyama vya madaktari wa fani hii vilishusha vigezo hadi 35 hata bila ugonjwa, na hadi 30 kwa wenye kisukari. Hapa kwetu uchunguzi wa afya wa 2015-16 uliwakuta asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania wakiwa na uzito uliozidi au unene. Wengi wao wala hawaihitaji operesheni hii. Wanaoihitaji hasa ndio nataka wasidanganywe.

Hawaambiwi, kwa mfano, habari za chai. Sukari ikishuka ghafla kwenye utumbo bila kukawizwa na mfuko wa chakula, mtu hutoka jasho, moyo humwenda mbio, tumbo likamkata, akatafuta pa kulala. Kikombe cha chai ya vijiko vinne na kashata mbili vyatosha. Hawaambiwi kwamba ugali na wali wa kushikana vinaweza kukwama, kwamba nyama hutafunwa mpaka ilainike kabisa, kwamba maji hayanywewi pamoja na chakula bali kwa mafunda madogo kutwa nzima. Hebu mweleze shangazi huyo mwenye shughuli aliyekupakulia sinia la pilau na anakutazama usoni! Hata Ramadhani inahitaji mazungumzo na daktari, maana kuziba pengo la maji ya siku nzima kati ya futari na daku kwa kijifuko kile si jambo dogo, hasa miezi ya mwanzo.

Kisha vidonge. Vitamini B12, madini ya chuma, kalsiamu, vitamini D: si vya mwezi mmoja, ni vya maisha, pamoja na kupima damu kila mwaka. Hila ya B12 ni kwamba ini lina akiba yake, hivyo anayeacha vidonge haoni kitu mwaka wa kwanza, pengine hata wa pili. Anajiona mjanja. Baadaye miguu inaanza kufa ganzi, naye anapakwa dawa ya misuli kwa sababu hakuna aliyekumbuka operesheni ya Mumbai. Mwanamke anayepata hedhi huishiwa damu upesi zaidi. Na hapo kuna jambo ambalo mashoga huambiana wakiwa wamechelewa: uzito ukipungua, uzazi uliokuwa umelala huamka, wakati madaktari wanashauri kusubiri miezi 12 hadi 18 kabla ya kubeba mimba. Vidonge vya uzazi wa mpango navyo havitegemewi sana baada ya baipasi. Bora azungumze na mhudumu kuhusu kijiti au kitanzi.

Linalonitisha kuliko yote, nikitazama tunavyoishi, ni diklofenaki. Kichwa kikiuma, mgongo ukiuma, mtu anaingia duka la dawa muhimu na kutoka na karatasi ya vidonge, hakuna aliyemuuliza lolote. Kwa aliyefanyiwa baipasi, diklofenaki, brufeni na sigara huweza kuchimba kidonda pale kijifuko kiliposhonwa na utumbo, na kidonda hicho huweza kutoboka. Muuzaji hajui. Mgonjwa naye mara nyingi hakuambiwa, au aliambiwa kwa Kiingereza cha haraka siku ya kuruhusiwa, akiwa bado analewalewa dawa ya usingizi. Vivyo hivyo maumivu makali ya tumbo miaka mitatu baadaye: utumbo huweza kupenya kwenye mwanya ulioachwa na upasuaji ukajisokota, na hapo saa zinahesabika. Daktari wa zamu katika hospitali ya wilaya akidhani ni vidonda vya tumbo tu, mtu anapotea.

Sisemi watu wasiende. Mikononi mwa wazoefu, hatari ya kufa kwa operesheni hii ni ndogo, na kisukari kilichoachwa kikala figo na macho kina hatari yake pia. Ninachodai kwa mawakala wanaokusanya pasipoti ni karatasi moja ya Kiswahili ya kukaa kwenye pochi, iandikwe operesheni iliyofanyika, tarehe, dawa zilizokatazwa na vipimo vya kila mwaka, pamoja na jina la daktari wa hapa nchini aliyekubali kumfuatilia mgonjwa akisharudi. Kama wakala hawezi kumtaja daktari huyo, pasipoti na ibaki nyumbani kwanza.