Wimbo ulivyonichoma msibani

Mwenzenu nina kesi, na aliyeniponza ni wimbo.

Mwezi uliopita tulifiwa na baba mdogo. Tumekaa mkekani, kimya, mama mdogo analia kwa kwikwi. Mara dada akanifinya paja. Kumbe naimba chinichini! Tena si kaswida wala pambio, ni "Jambo Bwana", wimbo wa kukaribisha watalii! Mama mdogo alinitupia jicho moja tu, na mpaka leo simu zangu hapokei.

Niliupata asubuhi ile kwenye daladala. Redio iliupiga, mimi nikashuka katikati ya wimbo, nao ukashuka na mimi.

Wale Them Mushrooms wa Mombasa walijua kutega. Waliutoa mwaka 1982, na mwaka uliofuata Boney M nao wakaurudia kwa staili yao. Uusikilize vizuri: ni salamu tupu! Vipande vifupi, kimoja kinauliza kingine kinajibu, halafu vinarudi tena. Mzungu aliyetua leo anaushika kabla hajafungua begi. Sasa ubongo ukishasikia swali utaacha kujibu?

Ila wepesi peke yake hautoshi, maana nyimbo nyepesi ziko kibao na hakuna anayezikumbuka. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walitoa matokeo yao baada ya kuwauliza watu 3,000 nyimbo gani zinawaganda kichwani. Iliyotajwa sana ni "Bad Romance" ya Lady Gaga. Wakakuta nyimbo za aina hiyo zina mwendo wa haraka kidogo, na sauti inapanda na kushuka kama vile vinyimbo vya watoto, halafu ghafla inaruka mahali usipotegemea. Hapo ndipo unaponasa. Ni kama msichana unayemzoea kila siku mtaani, siku moja anapita kasuka mtindo mwingine. Utalala?

Dawa yao ni kuusikiliza wimbo mpaka mwisho, usiukatishe kama mimi na daladala yangu. Wengine, wa Chuo Kikuu cha Reading, mwaka 2015 walisema utafune jojo, eti mdomo ukiwa na kazi wimbo unapungua makali.

Jumamosi nakwenda kwa mama mdogo kuomba radhi. Jojo nitatafuna njiani, nitaitema getini. Nikiingia na kutafuna mbele yake, hiyo itakuwa kesi ya pili.