Kukata Kushoto Nako Kuna Adabu Yake

Watu wakizungumza juu ya mashaka ya barabarani, aghalabu utawasikia wakiilalamikia kona ya kulia. Nao wana haki. Sisi katika Kenya tunaendesha magari upande wa kushoto, desturi tuliyorithishwa na Waingereza, kwa hivyo mwenye kukata kulia kwenye taa za trafiki hana budi akatize mbele ya magari yanayomjia. Ni kazi ya kuvizia, na yataka moyo. Mwaka 2015, Dakta Evans Kidero alipokuwa Gavana wa Nairobi, serikali yake ya kaunti ilifikia hata kupanga mapipa kwenye raundabauti za barabara kuu ili watu wasikate kulia. Mji ukalia ukelele, na mapipa yakaondolewa.

Mimi leo sina neno na kona ya kulia. Imekwisha kusemwa sana. Nataka tuizungumze kona ya kushoto, ile ambayo kila dereva huiona nyepesi kama kumeza mate. Hakuna aliyeipangia mapipa wala aliyeipigia kelele. Hoja yangu ni kwamba kona hiyo ni nyepesi kwa mwenye motokaa tu, na wepesi wake hulipiwa na mtu aendaye kwa miguu.

Hebu, ndugu msomaji, tuitazame jinsi inavyokwenda. Taa imekuwa kijani. Dereva anapinda kushoto, hakatizi njia ya mtu yeyote mwenye gari, basi hukaza mwendo. Lakini kijani ile ile iliyomruhusu yeye, mara nyingi ndiyo iliyomruhusu na mtu aliye pembeni kuivuka ile barabara anayoiingia dereva. Wote wawili wamepewa idhini kwa wakati mmoja, na wote wawili watakutana mahali pamoja, penye kivuko. Kanuni wanayofunzwa madereva ni kuwa anayepinda humpisha yule aliyekwisha kuanza kuvuka. Kanuni ni hiyo, lakini kitendo ni kingine. Dereva hutanguliza pua ya gari, hupiga honi, na yule mwenye miguu miwili hurudi nyuma kama aliyeshikwa akiiba.

Wako na wengine ambao hata hiyo kijani hawaingoji. Hutupa jicho kulia, wakiona hakuji gari hujipenyeza kushoto taa ingali nyekundu, kana kwamba nyekundu iliwekwa kwa ajili ya wale wanaokwenda moja kwa moja. La hasha! Nyekundu ni nyekundu. Pasipokuwa na mshale wa kijani wa kuelekea kushoto, mwenye kushoto naye asimame.

Angalia, tafadhali, jicho la dereva huyo lilikwenda wapi. Lilikwenda kulia, kwa sababu huko ndiko yatokako magari yanayoweza kumdhuru yeye. Kushoto hakutazama, kwa sababu huko yuko mtu asiyeweza kumdhuru. Hapa ndipo penye maradhi yenyewe. Tunamtazama tunayemhofu, na tusiyemhofu hatumwoni.

Tusidhani kuwa maradhi haya ni yetu peke yetu. Marekani wao huendesha upande wa kulia, basi kona nyepesi kwao ni ya kulia, kama picha yetu katika kioo. Baada ya shida ya mafuta ya mwaka 1973 serikali yao ilitafuta njia za kupunguza petroli inayoteketea bure, na sheria ya mwaka 1975 ikayasukuma majimbo yaruhusu magari kukata kulia hata taa ikiwa nyekundu, maadamu dereva kwanza asimame atazame. Mji wa New York ulikataa, na isipokuwa palipowekwa kibao cha kuruhusu, hata leo hauruhusu. Watafiti wao walipokuja kuchunguza walikuta kwamba watu wa miguu na wa baiskeli waliogongwa kwenye kona hizo wameongezeka. Sababu ni ile ile: dereva alikuwa akitazama kushoto kulikotoka magari, na aliyekuwa kuliani kwake ndiye aliyeumia. Petroli iliokolewa kidogo, na wengine wakailipia kwa mifupa yao.

Sisi watu wa Mombasa tuna balaa jingine la ziada, nalo ni malori marefu ya makontena yaingiayo na kutoka bandarini Kilindini. Lori la namna hii likikata kushoto, magurudumu yake ya nyuma hayafuati nyayo za yale ya mbele. Hukata ndani, karibu na ukingo wa barabara. Dereva mwerevu, kwa kulijua hilo, kwanza hulitupa lori kulia kidogo ndipo alizungushe kushoto. Kijana wa bodaboda au mtu wa mkokoteni akiliona linakwenda kulia, hudhani ameachiwa nafasi, naye hujiingiza kati ya lori na ukingo. Nafasi hiyo ni mtego. Na kwa kuwa usukani wetu uko kulia, upande wa kushoto ndio anaouona dereva kwa taabu kuliko wote. Mtu aliyesimama chini ya dirisha la kushoto la lori huweza asionekane kabisa. Kwa hivyo, kijana wangu, ukiliona lori linawasha taa ya ishara ya kushoto, kaa nyuma yake, usilikabili ubavuni. Dakika utakayoichelewa haitakupunguzia riziki yako.

Najua nitakachojibiwa. Nitaambiwa kuwa wahenga walisema mwenye nguvu mpishe. Ni kweli walisema, lakini waliyasema maneno hayo kumwonya mnyonge ajihadhari. Hawakuyasema kumpa mwenye nguvu hati ya kudhulumu. Methali ya kumlinda dhaifu tumeigeuza kuwa sheria ya barabara, na mwenye bati kubwa ndiye aliyekuwa kadhi.

Na hali adabu ya njia tulikuwa nayo. Katika vichochoro vya Mji wa Kale, ambako watu wawili wakikutana hupishana kwa mabega, hamali aliyebeba gunia au aliyesukuma mkokoteni alikuwa akipaza sauti mapema: “Simile! Simile!” Neno hilo wazee hulinasibisha na bismillahi. Yaani mwenye mzigo alilitanguliza jina la Mwenyezi Mungu, akaomba njia, na mwendo akaupunguza mpaka aone amepishwa. Aliyekuwa na uzito ndiye aliyebeba jukumu. Honi ya leo imechukua mahali pa simile, lakini haikuchukua maana yake. Simile ni ombi, na honi ya kona ya kushoto ni amri, tena mara nyingine ni tusi.

Tuliosoma vyuoni tukiwa wadogo tulifunzwa pia kwamba njia ina haki yake. Mtume, sala na salamu zimshukie, aliwakataza masahaba kukaa njiani, na walipomweleza kwamba hawana budi, aliwataka waipe njia haki yake, na katika haki hizo akataja kuinamisha macho, kuitikia salamu na kuzuia udhia. Kuondoa njiani kitu chenye kudhuru alikuhesabu kuwa ni tawi katika matawi ya imani. Basi ikiwa kuokota mwiba ni imani, kumrushia mama mtu mzima gari la tani mbili kwenye kivuko tukuite nini?

Iko na hoja ya madereva ambayo si haki kuipuuza. Wanasema: “Tukiwangoja hawa watu wa miguu, hawaishi. Mmoja akipita, wa pili yuaja, na wa tatu anavuka huku akiitazama simu yake. Kijani yetu yaisha, na walio nyuma wanatutukana.” Naikubali. Wapo watu wa miguu wavukao palipo pao na pasipo pao, na mtu wa miguu akiona taa yake ni nyekundu naye ana wajibu wa kungoja. Lakini makosa mawili hayalingani uzito. Mwenye miguu akikosea, hujiumiza nafsi yake. Mwenye gari akikosea, humuumiza mwenzake. Ndiyo maana tahadhari iliyo kubwa hudaiwa kwake.

Isitoshe, ugomvi huu una dawa, na dawa yenyewe si ghali. Katika miji mingi ya nchi nyingine, taa hupangwa ili mtu wa miguu apewe kijani yake kwanza, sekunde 3 hadi 7 kabla ya magari. Muda huo ni mfupi kuliko wa kuifunga kamba ya kiatu, lakini watosha mtu kufika katikati ya kivuko, ambapo dereva hawezi tena kusema hakumwona. Dawa ya pili ni ya wajenzi. Kona iliyochongwa kwa duara pana humkaribisha dereva aipinde kwa kasi. Kona iliyobanwa humlazimisha apunguze mwendo, apende asipende. Waingereza wenyewe, waliotuachia upande huu wa kushoto, waliibadili kanuni yao tarehe 29 Januari 2022. Sasa anayepinda humpisha si yule aliyeanza kuvuka tu, bali hata anayengoja kuvuka.

Na kwetu, palipo na taa pia husimama askari anayeongoza magari kwa mkono, na Nairobi jambo hili limezoeleka mno. Mkono wake huyaita magari ya upande huu na kuyasimamisha ya upande ule. Sijauona sana mkono unaowaita watu wa miguu. Hungoja, hukisia, kisha hukimbia. Askari wetu wakifunzwa kumpa naye zamu yake, hata taa zisipobadilishwa, tutakuwa tumepiga hatua.

Haya si mambo ya adabu ya mezani. Katika kila mwaka wa 2021, 2022 na 2023, barabara za Kenya ziliua watu zaidi ya 4,000, na watu wa miguu ndio waliokuwa wengi kuliko kundi lolote jingine. Sidai kuwa wote waliuawa na kona za kushoto. Wengi hufa kwenye barabara kuu, usiku, mahali pasipo taa wala kivuko. Lakini dereva asiyemwona mtu wa miguu mchana, penye taa, penye mistari myeupe, mwendo ukiwa mdogo, atamwona vipi usiku huko Mariakani?

Nimalizie kwa habari ya taa yenyewe. Taa ya kwanza ya kuongoza vyombo barabarani iliwekwa London, karibu na Bunge, mwezi wa Desemba 1868. Magari yalikuwa bado. Waliokuwako ni farasi na mikokoteni yao. Ilikuwa taa ya gesi, na haikudumu, kwani mapema mwaka 1869 ililipuka ikamjeruhi askari aliyekuwa akiiendesha. Ilikuwa na rangi mbili. Nyekundu ilimwambia mtu asimame. Kijani, kwa amri ya mkuu wa polisi wa siku hizo, haikumwambia mtu “nenda, njia ni yako.” Ilimwambia apite kwa hadhari na awachunge watu wa miguu. Hiyo ndiyo maana ya kijani tangu siku ilipozaliwa, na maana hiyo ndiyo ninayoomba turudishiwe, hasa na yule anayekata kushoto.

Taa ikiwa kijani, usidhani ni miliki,
Tazama na kushotoni, kuna mwenye yake haki,
Akilazwa kaburini, roho haikomboleki,
Ngoja apite mwendani, subira haina dhiki.