Maji ya udongo si dawa ya mnyauko, acheni kuyauza

Ndugu wakulima, tangu nyanya zianze kunyauka msimu huu nimeulizwa swali moja Mugango, nikaulizwa Guta, nikaulizwa tena Buhemba. Je, ni kweli kuna virusi vinavyokula bakteria wa mnyauko? Na je, tukiloweka udongo wa shamba lililo zima, tukamwagia maji yake shamba linalougua, litapona? Wapo wanaouza maji hayo kwa chupa gulioni.

Virusi hivyo vipo, vinaitwa faji. Twort wa Uingereza alivieleza mwaka 1915, d'Hérelle akafuata huko Paris mwaka 1917. Marekani imesajili dawa ya faji ya nyanya na pilipili tangu 2005, ingawa ile ni ya madoa ya bakteria, si ya mnyauko. Udongo wa Mara nao umejaa faji. Mwuzaji wa chupa hakudanganya hapo. Amedanganya anapodai anajua kilichomo ndani.

Maabara huloweka udongo kama yeye, lakini hawaishii hapo. Maji huchujwa kwenye chujio la vitundu vidogo mno ambavyo bakteria hapiti, virusi hupita. Tone lake huwekwa juu ya bakteria wa mnyauko waliooteshwa kwenye sahani. Penye faji panabaki doa angavu, bakteria wamekufa. Doa moja huchukuliwa, kazi inarudiwa mara kadhaa hadi ibaki aina moja tu. Kisha jenomu yake, yaani maandishi yote ya urithi wake, husomwa herufi kwa herufi.

Kwa nini isomwe? Kwa sababu si kila faji huua. Nyingine hujificha ndani ya bakteria na kumpa silaha. Sisi wa kando ya ziwa tunakijua kipindupindu: sumu yake inatokana na jeni ambayo bakteria aliletewa na faji. Huko Japani, watafiti wa Hiroshima walikuta faji inayomfanya bakteria wa mnyauko kuwa mkali zaidi. Wewe unayemwagia chupa isiyosomwa, unajua umebeba ipi?

Tena maji yale hayakuchujwa. Bakteria wa mnyauko hukaa udongoni na kwenye magugu bila dalili, kwa hiyo shamba lililo zima kwa macho laweza kuwa naye. Umenunua ugonjwa, pamoja na minyoo fundo kama nyongeza.

Nina neno pia kwa wenzangu maofisa wanaosema kusoma jenomu ni anasa ya wazungu. Mashine ya kusoma siku hizi inaenea kiganjani. Wanasayansi wa Tanzania, Kenya na Uganda wameshaitumia kusoma virusi vya mihogo vijijini. Kama mhogo umesomewa, nyanya ya Bunda ina kosa gani? Tukikaa kimya, pengo hilo ndilo mwenye chupa anaishi nalo. Tudai watafiti wanaochukua udongo wetu warudi na majibu kijijini, kwa Kiswahili.

Kwa sasa fanya hivi. Kata shina la mche ulionyauka, litumbukize kwenye glasi ya maji safi. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka, ni bakteria. Dawa ya ukungu haitasaidia, hata ukipulizia bomba kumi, na mwenye duka la pembejeo anayekuuzia anajua au alipaswa kujua. Ng'oa mche na udongo wa mizizi yake, choma. Usimwagilie kwa mfereji unaopita kwenye wagonjwa. Msimu ujao panda mahindi au mtama hapo. Bilinganya, pilipili na viazi mviringo usiguse, ni ndugu wa nyanya na wanaugua vilevile.

Mtu akikuletea chupa, mwombe namba ya usajili ya TPHPA. Akikosa, nipigie kabla hujamlipa.