Nyari ya Marafa na Kibaba cha Maji

Msimu wa likizo, familia nyingi za Kisauni na Likoni huwapeleka watoto Malindi, na baadhi hufika Marafa kulitazama korongo ambalo Wagiriama huliita Nyari, yaani mahali palipojivunja penyewe. Ni mwendo mfupi wa miguu, lakini joto la bondeni ni kali. Basi na tushuke alasiri, jua likipunguza makali.

Wenyeji husimulia kuwa matajiri waliokuwa wakioga maziwa walididimizwa na Mungu hapo. Weupe wa kuta ukawa maziwa yao, wekundu ukawa damu yao. Watoto watatuuliza: ni kweli? Tuwajibu bila kuficha. Mvua ndiyo iliyochimba mchanga ule, na ingali yachimba, kwa amri ya Mola aliyetutajia katika Sura Fatir, aya ya 27, milima yenye mistari myeupe na myekundu. Kisa cha maziwa si aya wala hadithi, tusikifundishe kama dini. Lakini onyo lake juu ya israfu ni la dini.

Na israfu si ya matajiri pekee. Wapo miongoni mwetu wanunuao maji kwa mitungi, na siku yakitoka huacha mfereji ukimwagika wakitawadha. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja. Tukirudi Marafa, tuwapimie watoto kibaba cha maji, watawadhe nacho, waone kwamba chatosha.

Wabillahi tawfiq.