Kufuli la Tarehe Tano

Ikifika tarehe tano ya mwezi, keateka wa ploti ya Kariobangi, Nairobi, hana haja ya kubisha hodi. Mlio wa ndara zake kwenye ngazi unatosha. Wa chumba nambari nne anazima redio, na wa nambari saba ameshamfundisha mtoto aseme mama ametoka. Keateka amebeba daftari kwapani, na mara nyingine kufuli mkononi. Kufuli hilo likishatiwa mlangoni, godoro, sufuria na sare za shule hubaki ndani, na mwenye vitu hubaki kwenye korido akipigia watu simu.

Landilodi mwenyewe haonekani. Wengine husema anakaa Utawala, wengine husema yuko ushago, wengine huapa anaishi ghorofa ya juu ya ploti hiyo hiyo, ambako maji hayakatiki. Sifa zake zote zimeshatajwa: ana mkono wa birika, anakula jasho la watu, hata kwenye mchango wa mazishi hakutoa kitu. Anayetaka kujua mitaa ya Eastlands inawaonaje matajiri aanzie hapo. Tajiri wa kwanza ambaye mtoto wa Kariobangi humjua haishi kwenye majumba ya Muthaiga wala Runda. Ni mwenye ploti.

Na ploti zina historia yake. Katika miaka ya 1960, nchi ikiwa bado na joto la uhuru, viwanja vilikatwa Kariobangi ili watu waliokuwa wakihamishwa kutoka mabanda ya karibu na katikati ya jiji wapate mahali pa kujijengea. Serikali ingetoa ardhi, maji na njia. Mwananchi angesimamisha nyumba kwa nguvu zake. Lakini wengi wa waliogawiwa walibanwa na shida, wakauza. Wanunuzi walikuwa watu wenye uwezo kuliko wao, na kiwanja cha familia moja kikageuka safu ya vyumba vya kupangisha. Mtaa jirani wa Dandora ukapitia njia hiyo hiyo kwa ukubwa zaidi, pale mradi uliofadhiliwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia ulipopitishwa mwaka 1975 ukiwa na viwanja 6,000. Siku hizi safu za mabati zimekuwa ghorofa, vyumba vya futi kumi kwa kumi vimepangwa juu kwa juu, kamba za nguo zimetanda toka dirisha hadi dirisha. Utajiri wa mtu huhesabiwa kwa ghorofa alizopandisha, na kila mpangaji anajua hesabu hiyo kwa kichwa.

Kinyongo dhidi ya landilodi kwa hiyo kina mizizi. Hata hivyo, kuna siku moja iliyoonyesha jinsi utajiri wake ulivyo mwembamba.

Mnamo Mei 4, 2020 matingatinga yaliingia Kariobangi North, sehemu inayoitwa Sewerage. Kampuni ya maji ya jiji ilikuwa imesema ardhi ile ni yake, ni ya mitambo ya kusafisha majitaka. Wakaazi walionyesha karatasi na risiti, wakisema viwanja walipewa na baraza la jiji lenyewe. Kulikuwa na amri ya mahakama ya kusimamisha ubomoaji. Nyumba zilibomolewa vilevile, na maelfu ya watu wakabaki nje, mvua za masika zikinyesha, korona imetanda, kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri ikiendelea. Serikali ile ile iliyokuwa ikiwahimiza watu wakae nyumbani ndiyo iliyowaondolea nyumba.

Tingatinga halikuuliza nani mpangaji na nani mwenye ploti. Aliyekuwa akidai kodi na aliyekuwa akidaiwa walichakura vifusi pamoja wakitafuta mabati yanayofaa kuuzwa. Mtu aliyeitwa tajiri kwa miaka 20 aligundua kwamba utajiri wake ulikuwa karatasi, na kwamba mjini wapo watu ambao karatasi zao huheshimiwa na wapo ambao zao hupeperushwa na upepo. Mpaka huo ndio mpaka halisi wa matabaka Nairobi, na landilodi wa Kariobangi yuko upande mmoja na wapangaji wake.

Wiki chache kabla ya ubomoaji huo, mwezi Aprili, gavana wa Nairobi alitangaza kwamba vifurushi vya msaada kwa maskini vingetiwa chupa ndogo za Hennessy, akidai pombe hiyo ni dawa ya koo dhidi ya virusi. Watengenezaji wa kinywaji hicho walilazimika kutoa taarifa kwamba hakikingi mtu na korona. Gavana huyo alikuwa Mike Mbuvi, ambaye nchi nzima inamjua kwa jina la Sonko, na sonko kwa Sheng ni mwenye pesa, mdosi. Dunia nyingine ingeshangaa mwanasiasa kujiita Tajiri na kuomba kura za maskini. Eastlands haikushangaa. Ilimpa ubunge wa Makadara mwaka 2010, jiji likampa useneta mwaka 2013, kisha ugavana mwaka 2017. Pete na mikufu yake ya dhahabu haikumpunguzia kura. Alikuwa akizika wafu, akileta maji kwa malori, akilipa bili za hospitali. Desemba 2020 Seneti ilimng'oa, na wapo waliomlilia.

Kwa kweli, basi, Kariobangi haiwachukii matajiri. Ina kipimo chake cha kuwahukumu, na kipimo hicho kina kasoro. Swali linaloulizwa kwanza kuhusu mwenye pesa ni "ametuletea nini?" Akileta, anasamehewa mengine yote. Asipoleta, kama landilodi yule wa mazishini, yeye ni adui hata kama kila tofali la ploti yake lilinunuliwa kwa mkopo wa chama na miaka 15 ya kuuza mitumba Gikomba. Swali la pili, "amepata wapi?", huachiwa wakaguzi na magazeti.

Wenye nacho hupenda kuliita jambo hili wivu. Maskini, wasema, hawataki kuona mwenzao akiinuka. Wangefanya kazi badala ya kununa. Anayesema hivyo hajawahi kukanyaga Kariobangi Light Industries asubuhi. Kule vyuma chakavu vinayeyushwa, mashine za kusaga nafaka zinaundwa, plastiki iliyookotwa jaa la Dandora inasagwa ili iuzwe tena. Fundi aliyeanza kwa kushikia wenzake chuma na sasa ana karakana yake na vijana sita hapigiwi kelele na mtu. Anaitwa mzee hata kabla hajafika miaka 40, na wazazi humletea watoto wao awafundishe kazi. Watu waliiona ngazi aliyoipanda, kipandio kwa kipandio. Kinachowakera ni ukwasi usio na ngazi: kijana aliyekuwa akiomba nauli jana, leo ni msaidizi wa mheshimiwa na amepandisha ghorofa tano.

Tena hesabu haiwapi sababu ya kunyamaza. Kima cha chini cha mshahara kwa kibarua, mfagiaji au yaya jijini Nairobi kilipandishwa Novemba 2024 hadi shilingi 16,113 na senti kadhaa kwa mwezi, na wengi hawakifikii. Mbunge hulipwa zaidi ya shilingi 700,000 kwa mwezi kabla ya marupurupu mengine. Shirika la Oxfam liliwahi kukadiria kwamba Wakenya wapatao 8,300 wana mali kuliko wenzao zaidi ya milioni 44 wakijumlishwa. Mwanasiasa J.M. Kariuki, aliyewahi kuonya kuhusu nchi ya mamilionea wachache kama vidole vya mikono na ombaomba milioni kumi, angetambua nambari hizo bila kuelezwa. Yeye aliuawa Machi 1975, mwaka ule ule viwanja vya Dandora vilipopitishwa.

Ubaya ni kwamba hasira isiyojua njia humwangukia aliye karibu. Usiku wa Machi 3, 2002 zaidi ya watu 20 waliuawa Kariobangi North katika uhasama wa genge la Mungiki na kundi lililojiita Taliban. Walioua walikuwa vijana wasio na kazi, waliouawa walikuwa watu wa vyumba vya futi kumi kwa kumi, na kilichogombewa kilikuwa udhibiti wa mtaa, ada za matatu na za ulinzi, yaani makombo. Hakuna aliyevuka Thika Road kwenda Muthaiga usiku ule, ingawa ni mwendo wa dakika chache kwa gari.

Wanasiasa waliisoma hasira hiyo vizuri kuliko wasomi. Uchaguzi wa 2022 ulipiganwa kwa kauli ya mahasla dhidi ya familia za kifalme. William Ruto, aliyekuwa Naibu Rais kwa miaka karibu kumi na mtu mwenye mali nyingi, alijitambulisha kama muuza kuku wa kando ya reli, na chama chake kikachukua wilibaro kuwa alama. Mama mboga na mtu wa bodaboda wakawa wageni wa heshima jukwaani. Novemba 30 mwaka huo Mfuko wa Hustler ukazinduliwa, mkopo ukianzia shilingi 500. Swali la "ametuletea nini" lilikuwa limejibiwa, tena kwa simu.

Kisha ukaja Mswada wa Fedha wa 2024, ukiwa na ushuru wa asilimia 16 kwa mkate na wa asilimia 2.5 kwa magari. Mswada wenyewe uliudhi. Kilichouchochea moto zaidi ni picha. Vijana walichukua picha za wanasiasa, wakakuza saa mkononi, mkanda kiunoni, viatu, wakaweka bei kando yake, na chini wakaandika swali ambalo wazazi wao walikuwa hawaliulizi: amepata wapi? Juni 25 waliingia Bunge. Makumi ya watu walipoteza maisha katika maandamano ya wiki zile. Mswada uliondolewa Juni 26, na Julai Rais Ruto akapiga marufuku maafisa wa serikali kushiriki harambee.

Marufuku hiyo haikumaliza mwaka. Novemba 2024 Rais mwenyewe alikwenda kanisa Katoliki la Soweto, Nairobi, akatoa shilingi 600,000 kwa ajili ya kwaya na watoto, milioni mbili za nyumba ya mapadre, akaahidi nyingine milioni tatu na basi. Siku iliyofuata Askofu Mkuu Philip Anyolo akaagiza pesa zirudishwe. Machi 2, 2025 ikawa zamu ya kanisa la Jesus Winner, Roysambu, lililotangaziwa shilingi milioni 20; Jumapili iliyofuata vijana walikuwa nje ya lango lake wakipinga, na polisi wakawatupia vitoa machozi.

Wapo walioona uamuzi wa Anyolo kuwa ubabi, maringo ya mtu asiyejua njaa, maana nyumba ya padre haijengwi kwa sala. Hoja hiyo si ya kudharauliwa. Mtu ambaye bili ya hospitali yake ililipwa na sonko hawezi kuambiwa kirahisi kwamba alikosea kupokea. Lakini hakuna ubaya wa kupokea na kuuliza kwa pamoja, na ni kuuliza ndiko ambako siasa ya bahasha imekuwa ikikuzima. Anayetoa milioni 20 Jumapili moja analipa zaidi ya mshahara wa miaka 100 wa mfagiaji wa Nairobi. Mfagiaji ana haki ya kujua zilikotoka.

Sheria nayo inalijua swali hilo. Sheria ya kupambana na ufisadi ya 2003 inaruhusu mali isiyoelezeka kutwaliwa, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufaa iliunga mkono hukumu ya zaidi ya shilingi milioni 41 dhidi ya aliyekuwa meneja wa fedha wa shirika la umma la maji aliyeshindwa kueleza alivyozipata. Mwenye mali ndiye aliyetakiwa kueleza. Lakini kesi kama hizo huhesabika, na huchukua miaka.

Njia fupi ilikuwapo tangu mwaka huo huo wa 2003: kila mtumishi wa umma alitakiwa kujaza fomu ya mali na madeni yake. Fomu zilijazwa, zikaingia kabatini, na mwananchi wa kawaida hakuruhusiwa kuzisoma hivi hivi. Kariobangi ingefaidika zaidi kwa kudai makabati hayo yafunguliwe, kuanzia ya mwakilishi wa wadi, kuliko kwa kupanga foleni ya unga kila msimu wa kura.

Maana upande wa chini wa ngazi makabati yako wazi tayari. Tarehe tano mpangaji hulipa kodi kwa simu, na ujumbe hubaki. Ikifika tarehe 20 ya mwezi unaofuata, landilodi yule asiyechangia mazishi, kama kodi zake zinavuka shilingi 288,000 kwa mwaka, hutakiwa kuieleza mamlaka ya kodi, KRA, alichokusanya na kulipa asilimia 7.5 yake. Huulizwa mara 12 kwa mwaka amepata nini, kutoka ploti gani.